Winga wetu si mzito

Mechi tatu hatujafunga, na mtaa mzima hapa Mtwara unamlaumu winga wetu wa kulia. Eti mzito. Mzito wapi! Kila alfajiri kijana anapandisha ndoo za samaki kutoka ufukweni.

Jumanne nilikaa nyuma ya goli, chini ya mkorosho, natazama miguu tu. Nikaona: anaanza kukimbia mpira ukiwa bado kwa beki wetu. Kiungo akiinua kichwa, dogo keshaotea, yaani kawapita mabeki wao kabla ya pasi, au kasimama kusubiri. Na kwenye mchanga wetu ule, pasi ya chini inafia njiani.

Nikachora mstari wa kati kwa kisigino.

"Mwalimu, nisimame huku? Mbona mbali!"

Nikamwambia mpira ukipigwa wewe ukiwa nusu yetu, hakuna kuotea. Kiungo akishautuliza, toka. Beki wao atakuwa ndiyo kwanza anageuka, wewe umeshachanganya mbio. Kiungo naye, adondoshe mpira nyuma ya beki, kwa juu.

Vifuu vya nazi ndiyo koni zetu. Tulirudia mpaka adhana ya magharibi.

Jumapili tukapata mawili. Moja la kona ya bahati, siwadanganyi. La pili dogo alitokea nusu yetu kabisa, peke yake na kipa. Kabla ya hilo alikuwa ameshapaisha mara mbili.