Tanbihi ya Bradley

Juzi binti yangu, ana mtihani wa Othello, ile tamthilia ya Shakespeare, kaingia kuazima kitabu, kaitazama ile shelfu yangu kaniuliza, baba, mbona unanunua vitabu vya wazee wanaomchambua Shakespeare halafu Shakespeare mwenyewe unacho kimoja tu, tena kimechanika? Nikamwambia chukua Bradley, mmoja wa hao wazee, uende. Akaenda, mi nikabaki nawaza Hay-on-Wye.

Hay mnaijua, kale kamji ka mpakani mwa Wales na England, vitabu vya mitumba kila kona, ndiko yule Richard Booth alijitangaza mfalme 1977. Tulienda na basi la kanisa, mvua inanyesha, wenzangu wakakimbilia chai, mi nikajibanza dukani nikakutana na Shakespearean Tragedy ya A. C. Bradley. Ilitoka mara ya kwanza 1904, hii ni chapa ya baadaye, jalada limefifia, bei ya sahani ya chipsi.

Nikafungua kwenye Othello nikiwa nimesimama. Bradley anasema ana karibu uhakika kwamba Shakespeare alimuwaza Othello, yule jemadari mhusika mkuu, mweusi kabisa, wala si maji ya kunde, na anawacheka wahakiki wa Marekani wanaoshtuka. Nikafurahi jamani, kama mtu aliyetetewa na jirani asiyemjua. Halafu macho yakashuka kwenye tanbihi. Huko chini profesa anasema kwenye majukwaa yao ya leo pengine isifae, maana wakimwona kwa macho, mweusi tititi, karaha iliyomo damuni mwao huenda ingezidi nguvu mawazo yao, wakawa chini hata ya watazamaji wa karne ya 17. Nikarudia kusoma. Anawasema wenzake huyu au anawatetea? Na mle dukani mweusi wa kuonwa kwa macho nilikuwa mimi tu. Pembeni msomaji fulani wa zamani kapiga mstari wa penseli, kaweka na alama ya kuuliza.

Nikalipa, na ugonjwa ukaanzia hapo, akafuata mhakiki mwingine, Tillyard, kitabu chake cha 1943, akafuata L. C. Knights aliyemkejeli Bradley 1933 kwa kuuliza Lady Macbeth, mhusika wa tamthilia nyingine ya Shakespeare, alikuwa na watoto wangapi, yaani kamfanya kama mtu wa kweli, na mi navitaka vile vilivyochorwachorwa. Wakusanyaji wenye hela wanasema vimeharibika, sawa, waniachie. Ila yule wa penseli hadi leo sijajua alikuwa anambishia Bradley au hakumwelewa tu, na kwa nini nililipa bei nzima bila kuomba punguzo, hilo hata mke wangu sijawahi kumweleza akaridhika.