Siku ya fundi kompyuta Kariakoo: mafaili kwanza, mashine baadaye

Saa 2:00 asubuhi

Wamachinga wa Mtaa wa Congo bado wanatandika bidhaa zao na mteja wangu wa kwanza ameshafika. Ni mwalimu mstaafu kutoka Tabata. Ameteremka kwenye bajaji na sipiyu ya kompyuta ya nyumbani, ameifunga khanga isipate vumbi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe hufuti vitu vya watu."

Ni kweli, sifuti. Fundi wa jirani na kwake alishamwambia dawa ni kupiga Windows upya, aiache mashine asubuhi aifuate jioni. Angekubali, jioni angekabidhiwa kompyuta nyepesi, safi na tupu. Picha alizopiga na mumewe, ambaye sasa ni marehemu, video ya harusi ya binti yake, hesabu za kikoba ambacho yeye ndiye katibu wake, na notisi za Jiografia alizoandika tangu akiwa kazini, vyote vingekwenda na maji. Hili huwa nalisema kwa kila anayeingia hapa: kompyuta iliyoingiwa na virusi isipigwe Windows kabla mafaili hayajatoka. Mashine nyingine tutaipata hapa hapa Kariakoo kabla jua halijazama. Sura ya marehemu hatutaipata.

Saa 2:20

Kabla sijashika bisibisi, nauliza. Nini kilipakuliwa? Lini? Mlizima au mliacha ikiwaka?

Mjukuu alitaka Office ya bure. Akapakua moja inayokuja na kiprogramu cha kuifanya ikubali bila leseni. Skrini ikaonyesha Windows inajisasisha, ikakaa hivyo muda mrefu. Bando likaisha katikati, wakazima wakalala. Kesho yake mjukuu akaweka bando jingine, wakaiwasha, na kufikia mchana hakuna picha iliyofunguka. Kila faili limeota mkia wa herufi nne mwishoni mwa jina lake, na kila folda ina karatasi inayoitwa _readme.txt. Karatasi hiyo inadai dola 980, au dola 490 ukilipa ndani ya saa 72.

Nawafahamu hawa. Ni virusi vya kudai fidia vya ukoo wa STOP, vinavyoitwa pia Djvu. Ile skrini ya "kujisasisha" ilikuwa ya uongo, imewekwa ili mtu asizime mashine wakati mafaili yanafungwa moja baada ya jingine. Hawavamii mabenki. Wanavizia watu wa majumbani wanaotafuta programu za bure zilizovunjwa leseni, na kwetu hao ni wengi kwa sababu leseni ni ghali na mishahara haitoshi.

Mwalimu ananiuliza kwa sauti ya chini kama alipe. Namwambia asilipe. Dola 490 ni zaidi ya shilingi milioni moja, na hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba akishalipa atapewa ufunguo.

Saa 3:00

Siiwashi mashine yake hata kidogo. Virusi hivi hujiwekea ratiba ndani ya Windows, vikaamka kila baada ya dakika chache kutafuta mafaili mapya. Ukichomeka flashi ili "uokoe haraka haraka", na yaliyomo kwenye flashi yanafungwa. Wengi wamepoteza nakala yao ya mwisho namna hiyo.

Nafungua kasha, nachomoa diski, naiunganisha na kompyuta yangu inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows, ambako virusi vya Windows haviwezi kujiendesha. Cha kwanza ni kuitazama afya ya diski yenyewe. Ni ya GB 500, imetumika sana, na kuna sekta kadhaa, yaani vipande vyake vidogo, zinazokataa kusomeka. Kwa hiyo tuna matatizo mawili: mafaili yamefungwa, na diski yenyewe inachoka. Hii ndiyo sababu sifanyi kazi juu ya diski ya mteja. Nachukua nakala pacha ya diski nzima kwa programu ya ddrescue, kisha ya kwake naiweka pembeni. Ddrescue husoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, na zile korofi inazirudia mwishoni, ili diski dhaifu isife kabla haijatoa kilicho rahisi kutoka.

Saa 4:10

Umeme umekatika. Mtaa mzima jenereta zinanguruma. UPS yangu, betri ya akiba, inatosha kuzima kwa utaratibu tu. Mwalimu ameshtuka, lakini hapa hakuna kilichopotea: ddrescue ina daftari lake inamoandika imefika wapi. Umeme uliporudi, ikaendelea pale pale ilipoachia.

Tukisubiri, ananieleza jinsi mumewe alivyopenda kamera ndogo ya Canon. Namuuliza kadi yake iko wapi. Anaitoa kwenye pochi. "Lakini hii tulishaifuta, mwanangu, kila tukihamisha picha tunafuta." Naipokea kwa mikono miwili.

Saa 6:00 mchana

Nakala imekamilika, na sekta zilizogoma kabisa ni chache mno. Sasa naanza kufungua.

Virusi vya Djvu vikiamka huomba ufunguo kutoka kwenye seva ya wezi. Vikiipata seva, kompyuta yako inapewa ufunguo wake peke yake, na hapo huna njia ya kuukisia. Vikiikosa, labda kwa sababu hakuna intaneti, hutumia ufunguo uliomo ndani yake, ambao ni mmoja kwa kila aliyekumbwa na toleo lile lile. Ufunguo wa namna hiyo watu wema wakiupata mara moja, unawafaa wengi. Kampuni ya Emsisoft ilitoa programu yake ya kufungua mafaili ya Djvu bure Oktoba 2019, kazi iliyoongozwa na Michael Gillespie, Mmarekani aliyeanzisha ID Ransomware, tovuti ya kutambulia aina ya virusi. Programu kama hizo hupatikana pia kupitia No More Ransom, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama wa kompyuta.

Natafuta faili la PersonalID ndani ya folda ya SystemID. Lina namba mbili. Moja inaishia na t1.

Nimepiga kofi la furaha mpaka jirani amechungulia. Herufi hizo mbili ni alama ya ule ufunguo wa wakati hakuna intaneti. Maana yake, usiku ule bando lilipoisha, virusi vilikosa seva vikatumia ufunguo wa wote. Kilichofungwa kesho yake ndicho chenye ufunguo wa peke yake. Naiendesha programu ya Emsisoft juu ya nakala. Ufunguo wa toleo hili unao. Folda ya kwanza ya picha inafunguka, na mwalimu, ambaye amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu, anataja majina ya watu mmoja mmoja kadiri nyuso zinavyotokea. Siku kama hii ndiyo inayonifanya nisiiache kazi hii.

Saa 7:30

Wali na maharage kwa mama lishe wa kona, kisha kwenye benchi tena.

Kilichobaki kinahitaji ujanja. Djvu hazifungi faili lote, bali takriban KB 150 za mwanzo tu, ili ziende haraka. Kwa picha ndogo huo ni mwisho wake. Kwa faili kubwa ni kama kungatwa ukucha. Video ya harusi imepona: nilimwomba binti yake atume kwa simu video nyingine iliyopigwa na kamera ile ile, nikaitumia kama mfano wa kujengea upya kichwa cha faili. Notisi za Jiografia zilikuwa zimebanwa kwenye faili moja la zip, na limepotea somo la kwanza tu, mengine yote yametoka kwa programu ya 7-Zip. Hesabu za kikoba zimegoma, ila mwalimu amekumbuka kwamba humtumia mweka hazina kwa barua pepe kila mwisho wa mwezi. Ziko Gmail, zote.

Na ile kadi "iliyofutwa"? Kufuta hakuondoi picha, kunaondoa jina lake kwenye orodha, na nafasi inasubiri kuandikwa kitu kingine. Programu ya PhotoRec imeisoma kadi nzima na kurudisha picha mia kadhaa, zikiwemo ambazo kwenye kompyuta zimegoma.

Saa 9:00 alasiri

Tunatoka kutafuta mashine. Ya zamani ni ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020, na ni ya zamani mno kuongezewa kitu kikaleta faida. Monita, kibodi na mausi vya nyumbani ni vizima, kwa hiyo hana sababu ya kununua laptopu. Mwalimu ana laki tano, na ndani yake mna nauli.

Mawinga, madalali wa mtaani, wanatuzunguka. Mmoja anamwita "mama yangu" na kumsukumia laptopu inayong'aa kwa laki tatu. Naigeuza: prosesa ya kizazi cha 6. Bei inavutia kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa anayekubali Linux, mashine kama hiyo ni mali. Mwalimu hataki kujifunza upya, na ana haki hiyo.

Tumepata Dell OptiPlex ya mtumba, Core i3 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Nimeiwasha dukani, nikabonyeza F2 kuhakikisha BIOS, mipangilio ya ubao wenyewe, haina nywila ya ofisi ilikotoka, nikatazama saa ilizofanya kazi SSD, nikachomeka kitu kwenye kila tundu la USB. La muhimu kuliko yote, ubao wake una leseni halali ya Windows iliyochomwa kiwandani. Nasisitiza hili kwa sababu ugonjwa wote ulianzia kwenye programu ya kukwepa leseni. 340,000 baada ya maelewano, na risiti ya EFD juu. Adapta ya kuunganisha na monita yake ya VGA, 15,000. Diski ya nje iliyotumika, nzima, 45,000.

Saa 11:00 jioni

Windows 11 imejitambua yenyewe bila kuombwa namba. Badala ya Office ya kuiba nimeweka LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali. Nahamisha picha, video na nyaraka peke yake. Hakuna faili la .exe, .bat wala .lnk, yale yanayoweza kuendesha programu, linalovuka, na kila kinachovuka kinapekuliwa kwanza.

Djvu mara nyingi huja na mwizi mwingine wa kuchota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa hiyo mwalimu amekaa na simu yake, si kompyuta, anabadilisha nywila ya Gmail na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Mjukuu ameambiwa kwa simu kwamba kwenye mashine mpya amewekewa akaunti yake isiyo na mamlaka ya kusakinisha kitu. Amelalamika. Bibi hakulegeza.

Saa 12:45 jioni

Diski ya nje imebeba nakala ya kila kilichookolewa. Itachomekwa mara moja kwa wiki kisha ichomolewe, irudi kabatini. Picha alizozichagua zinapanda kwenye GB 15 za bure za Google. Mashine na vifaa vimemgharimu 400,000, kazi yangu 70,000, na bajaji ya kumrudisha Tabata inamsubiri chini.

Kuna picha zilizofungwa kwa ule ufunguo wa peke yake ambazo leo hazikufunguka. Sikuzifuta. Nimeziweka kwenye folda yao ndani ya diski ya nje, pamoja na _readme.txt na PersonalID, maana kuna wakati polisi hukamata seva za wezi na funguo zikatolewa hadharani. Nimemwandikia mwalimu kwenye karatasi jina la toleo na tarehe, aniletee kila baada ya miezi sita nijaribu tena bila malipo.