Feni ya tanuri ilikuwa inavuma tu, haizunguki

Tanuri letu la gesi la kupasha nyumba joto ni kuukuu, lakini lilikuwa halijawahi kutusumbua. Usiku ule niliamka kwa baridi. Nikashuka kulitazama, nikakuta moto unawaka vizuri kabisa, halafu baada ya dakika chache unazimika wenyewe. Unatulia, unawaka tena, unazimika. Nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa sebuleni: hata pumzi haitoki. Niliposogeza sikio kwenye mlango wa tanuri nikasikia mvumo mzito, nguuuu, kama nyuki waliofungiwa mtungini.

Basi mota ya feni ilikuwa inapata umeme ila imeshindwa kuanza. Moto nao ulikuwa unakatwa na swichi ya usalama, ile inayofunga gesi joto likizidi kwa sababu hakuna hewa ya kulibeba. Nikazima pale pale. Tanuri likiachwa lijipike hivyo, chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumba huweza kupasuka, na hapo kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, hupata njia ya kuingia vyumbani. Kwa hilo sina mzaha: ningeona ufa, au ningenusa gesi, ningewatoa watu wote nje na kumwita fundi.

Asubuhi nilikata umeme kwenye swichi kuu, nikafunga koki ya gesi, nikapima kwa mita kuhakikisha waya hazina umeme. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi zito. Nikaweka jipya, lakini sikudanganyika kwamba nimemaliza. Chujio lililoziba huweza kulipasha tanuri joto kupita kiasi. Haliwezi kuifanya mota ivume imesimama.

Nikalizungusha gurudumu la feni kwa mkono. Likaenda laini, mizunguko kadhaa, bila kukwaruza. Hapo moyo ukatulia, maana beringi zilizokufa zingelifanya lishike au liyumbe. Kilichobaki kushukiwa ni kapasita, kile kikopo cha bati kilichofungwa ubavuni mwa mota. Mota ya namna hii, yenye nyaya mbili za kusukwa ndani, inahitaji mkondo wa waya wa pili upishane kidogo kwa wakati na ule wa waya wa kwanza ndipo nguvu ya sumaku izunguke. Hiyo ndiyo kazi ya kapasita. Ikichoka, mota hubaki inanguruma mahali pamoja, na ikiachwa hivyo huungua.

Kapasita hushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa, kwa hiyo niliitoa chaji kwanza kwa kipingamizi cha ohmi 20,000, nikishika kwa koleo lenye mpini wa mpira. Nikapiga picha ya waya, nikazichomoa, nikapima. Kwenye lebo imeandikwa maikrofaradi 7.5 (kipimo cha uwezo wa kapasita kushika umeme), tofauti inayoruhusiwa asilimia 5. Mita ilisoma 2.3. Na kweli, nilipoigeuza, kichwa chake kilikuwa kimevimba.

Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya mota mpya! Nilinunua kapasita tu. Maikrofaradi lazima ziwe zile zile. Volti ziwe sawa na za zamani au zaidi, kamwe zisipungue. Yangu ilikuwa ya volti 370. Nilipokuwa nimeshalifungua tanuri, nilisugua pia mapezi ya feni kwa brashi. Uchafu ulikuwa umejaza mkunjo wa kila pezi, na pezi lililojaa hivyo halikamati hewa.

Nikarudisha kila kitu na kufunga mlango vizuri, kwa kuwa una swichi yake na bila kuubana tanuri haliwaki. Moto ukashika. Nikasubiri kama dakika moja, nimeshika pumzi, kisha feni ikaondoka kwa mkupuo mmoja na upepo wa moto ukanijia usoni. Mita ya kubana waya ilisoma ampea 4.9, na kibao cha mota kinaruhusu 5.6. Kabla ya kuondoka niliandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye lebo ya kapasita mpya.