Gesi imekwisha?

Joto la Oktoba limeshaanza kutuchoma hapa Dodoma, mvua hatuitegemei mpaka Desemba, na mimi bado neno la mama mkwe halijanitoka kichwani.

Alikuja Jumamosi kutoka Kongwa. Jua lile, nikaona nisimpe kitu cha moto. Nikamtengenezea ajo blanco, ile supu baridi ya Wahispania wa Andalusia. Ni ya zamani kuliko gazpacho ya nyanya, supu yao nyingine ya baridi, kwani nyanya zilifika kwao karne ya 16 kutoka Amerika. Wenyewe wanasaga lozi, mkate mkavu, kitunguu saumu, siki na mafuta ya zeituni, juu wanaweka zabibu. Lozi ni ghali, nikatumia karanga. Nililoweka usiku kucha, nikamenya moja moja, zenye ukungu nikatupa, sumukuvu si kitu cha kuchezea. Nikasaga kwa brenda, nikachuja kwa kitambaa, ikatoka nyeupe kama tui. Nikaiacha kwenye friji mpaka bakuli likatoa jasho, nikapanga juu zabibu za soko la Majengo nilizozikata nusu.

Akaonja. Akaweka kijiko chini.

"Mama Neema, gesi imekwisha?"

"Hapana mama, ndivyo inavyonywewa, ya baridi."

"Haya, mwanangu."

Wiki hii Baba Neema kapata barua ya uhamisho kwenda Tabora, kikoba chetu nacho kimegawana. Lakini mimi nikifua, "haya, mwanangu". Nikiwa kwenye daladala, "haya, mwanangu". Haya gani ile?

Jana usiku Neema akaja na noti ya elfu kumi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kidonge. "Bibi alisema nikupe ununue gesi, baba asijue. Nilisahau."

Nilikaa kitandani nikalia. Mama yule kalea watoto sita katika miaka ya ukame. Kwake mgeni hawekewi chakula baridi ila nyumba imekwama, na aliyekwama anasitiriwa. Ile "haya" ilikuwa kunisitiri! Hela ya kuku wake ile, naijua. Kuirudisha siwezi, nitamkosea. Akija tena nitampikia ugali wa uwele na mlenda, vya moto, mbele ya macho yake. Supu itakuwa pembeni, aionje akiwa ameshaliona jiko linawaka.

Neema naye anakohoa tangu juzi, vumbi hili, na mtihani wa kidato cha pili ni mwezi ujao. Asipopata nafuu kesho nampeleka zahanati.