Ile "haya" ya babu

Leo siku ya tano, na ile "haya" haijatoka sikioni.

Ni yule babu wa Kondoa, mwenye saa ya Seiko 5 niliyowasimulia kabla ya Ramadhani. Jumanne alikuja hapa Majengo, Dodoma, kwenye meza yangu ya ufundi saa, kuichukua. Wiki imejaa mambo: dada kahamia Nzuguni, posa ya mdogo wangu imekubaliwa, wabunge wameingia na nyumba za wageni hazishikiki. Mimi bado niko palepale mezani.

"Umeifanya nini?"

"Nimebadilisha rota, babu. Beringi yake ilikwisha."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Haya."

Akalipa bila kuomba nimpunguzie, akaivaa, akaenda kuwahi basi.

Kazi yenyewe naisimamia. Mashine ya saa ile ni aina ya 7009, haijazwi kwa kuzungusha kifundo cha pembeni. Inangoja mkono wa mvaaji utembee. Rota, kile chuma cha nusu mwezi, ikizunguka kulia au kushoto, kijiti chenye makucha mawili kinasogeza gurudumu upande mmoja tu na springi inajaa. Seiko wanakitumia tangu 1959. Beringi ikilika, rota inalegea, inakwaruza mfuniko, na springi haijai. Ndiyo maana babu akiamka alfajiri anaikuta imelala. Nilimfungia rota nzima kutoka saa iliyokufa kwa maji, na sasa inapiga yale mapigo yake 21,600 kila saa bila mkwaruzo.

Lakini ile kuukuu imezunguka na mkono wake tangu hajaoa. Marehemu mjomba, aliyenifundisha kazi hii, hakuwahi kumrudishia mtu saa bila spea yake mbovu, kaifunga kwenye karatasi. Nami nilikuwa nafanya hivyo. Niliacha lini?

Jana jioni namwaga petroli ya kuoshea, kitu kikagonga chini ya kikombe. Rota! Kumbe niliiloweka nijaribu kuiokoa, nikasahau, nikaamini nimeitupa. Nilicheka peke yangu hadi mama ntilie akachungulia. Nikampigia babu palepale.

"Ipo?"

"Ipo, babu. Ninayo mkononi."

Akanyamaza kidogo. "Alhamdulillahi. Mpe kondakta wa basi la asubuhi."

Nimeifunga kwenye karatasi, mikunjo mitatu, kama ya mjomba. Kondakta ameondoka nayo.

Mama yangu naye anasema mguu wake umepona. Asubuhi hii nimemwona anashika ukuta kwenda uani.