Mradi wa chanjo ya H. pylori: nimefuta grafu za BabA

Jumapili usiku. Nimefuta kazi ya wiki mbili na ninaanza upya.

Kwa mgeni: natumia laptopu yangu na jenomu zilizo wazi kwa kila mtu kutafuta vipande vya protini visivyobadilika vya Helicobacter pylori, bakteria wa tumboni, ili chanjo ivilenge. Mama yangu amemeza dozi za antibayotiki mara mbili kwa ajili ya kidudu hiki, na vidonda vya tumbo bado vinamsumbua. Tatizo ni kwamba kinabadilika mno. Hakina mfumo wa kawaida wa kusahihisha makosa ya kunakili DNA, tena huokota DNA ya wenzake na kuiunga na yake.

BabA ni protini ya bakteria huyu, ndoana yake ya kujishikiza kwenye utando wa tumbo. Wiki iliyopita nilifurahi sana: katikati ya protini hutofautiana mno kati ya bakteria na bakteria, lakini ncha zake zote mbili zilifanana karibu kila mahali. Jana nikagundua kwamba mifuatano mingi ya jeni niliyokusanya ni ya BabB, nduguye. Jeni hizi mbili zinakaribia kuwa sawa mwanzoni na mwishoni, na hupeana vipande ndani ya bakteria yuleyule. Programu ilitazama ncha ikaziita zote BabA. Siwezi kuzitenganisha kwa mahali zilipo kwenye kromosomu, kwa sababu BabA huhamahama. Kwa hiyo nasoma sehemu ya katikati, moja baada ya nyingine, kwa macho.

Na hizo ncha hazinifai hata zikiwa thabiti: ya mwanzo hukatwa protini inapotoka nje, ya mwisho imezama kwenye utando wa bakteria, kingamwili haziifikii.

CagA, protini nyingine ya bakteria huyu, nimeiondoa. Nasaba za bakteria ziitwazo hpAfrica2, za kusini mwa Afrika, hazina kabisa jeni za cag, na sitaki chanjo inayowaacha watu wale.

Imebaki UreB, sehemu ya kimeng'enya chake cha urease, yenye asidi amino 569, tulivu kuliko zote. Ndiyo iliyotumika China kwenye chanjo ya kunywa kwa watoto wa miaka 6 hadi 15. Matokeo ya 2015 yalionyesha kinga ya asilimia 71.8 mwaka wa kwanza, kisha ikapungua. Kesho nalinganisha upya mifuatano ya UreB nikianza na nasaba za Afrika. Hadi sasa kipimo changu cha kulinganishia kilikuwa 26695, aina ya H. pylori iliyotoka kwa mgonjwa wa Uingereza.