Honi ya gari imegoma, na Dodoma hii ya bodaboda!

Jamani, kutoka Kizota hadi Majengo bila honi ni kujitafutia presha. Fundi wa kwanza alibonyeza mara moja tu, akatangaza honi imekufa, ninunue mpya. Haraka hiyo!

Nikaenda kwa kijana mmoja fundi umeme. Akaangalia fyuzi: nzima. Akashika rilei, kile kiswichi cha umeme kinachopeleka moto kwenye honi, akaniambia, "Bonyeza, bro." Ikagonga tak. Basi swichi ya usukani inaitika, tatizo liko mbele ya hapo, kuelekea honi. Akavuta nyaya mbili kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye honi, ikalia mpaka mama wa vitumbua akaruka! Kumbe waya wa hasi umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Msasa kidogo, bolti ikakazwa, kwisha. Nimelipa hela ya soda tu.